Kukata Picha Siyo Kazi Yote: Programu Nyepesi na Matangazo ya Televisheni

Hotuba kwa wahariri wa video wanaoanza kazi, Dar es Salaam. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Mgeni rasmi, walimu wetu, shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za tangu asubuhi?

Nimeombwa nijibu swali ambalo wengi wenu mmekuja nalo mfukoni, maana limo ndani ya simu. Hizi programu nyepesi za kuhariri, CapCut, InShot, iMovie, Filmora na ndugu zao, zinafaa kwa kazi ya televisheni au ni za harusi na TikTok tu? Natoa jibu mapema, ili asiyelipenda awahi daladala. Kwa kukata picha zinafaa. Kwa kukabidhi picha, mara nyingi zinakwama. Na televisheni, ndugu zangu, ni kazi ya kukabidhi.

Mhariri wa harusi akimaliza anampa bibi harusi flashi, analipwa, anakwenda zake. Hakuna atakayeifungua kazi ile tena isipokuwa kuitazama. Mhariri wa televisheni akimaliza, ndiyo kwanza faili lake linaanza safari. Linakwenda kwa fundi sauti, kwa mtu wa grafiki, kwa mkaguzi wa ubora, kwenye seva ya kurushia, kisha maktaba, na kutoka maktaba linarudi tena mezani kwa mtu ambaye pengine leo bado yuko shule ya msingi. Ni mbio za kupokezana vijiti. Ukikimbia kama Bolt halafu kijiti kikaanguka, timu nzima imetolewa.

Wapo wanaodhani ubishi huu umeletwa na CapCut. Hapana, ni wa zamani, na kisa chake kikubwa kilitokea kwa watu wenye fedha na mashine kuliko sisi.

Mwaka 1999 Apple ilitoa Final Cut Pro. Wakati huo mashine ya kuhariria ya Avid ilikuwa mali ya kampuni zenye uwezo, na vyumba vingi vya habari bado vilikata kwa mikanda ya Betacam: mashine ya kuchezea huku, ya kurekodia kule, kidhibiti katikati. Ukitaka kurefusha picha iliyoko dakika ya pili, kila kinachoifuata unakirekodi upya. Wazee waliopo hapa wanatikisa vichwa, wanakumbuka. Final Cut ikashusha gharama, na miaka kumi baadaye ilikuwa imeshaingia kwenye vituo na kwenye filamu kubwa.

Halafu tarehe 21 Juni 2011 ikaja Final Cut Pro X. Aliyeongoza usanifu wake, Randy Ubillos, ndiye aliyetengeneza matoleo ya mwanzo ya Premiere, programu ya kuhariri ya kampuni ya Adobe, na ndiye aliyeisuka upya iMovie mwaka 2007. Sura ya programu mpya ilifanana mno na iMovie, hata wahariri wakaibatiza jina la dharau, “iMovie Pro”. Bei ilikuwa dola 299.99, chini ya theluthi moja ya ile Final Cut Studio, furushi lililokuwa na Final Cut ya zamani, ya dola 999. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa mno. Wahariri wa kipindi cha Conan O'Brien, mchekeshaji wa televisheni ya Marekani, walitengeneza kichekesho cha kuikejeli, kikarushwa hewani. Apple ikalazimika kuwarudishia fedha baadhi ya wanunuzi.

Sasa sikilizeni walichokilalamikia, kwa sababu hapo ndipo penye somo. Haikuweza kufungua miradi ya Final Cut 7, toleo lililoitangulia. Haikuwa na njia ya kutoa XML wala EDL, yale mafaili yanayomweleza mtu wa rangi picha gani imekatwa wapi. Haikuweza kutoa OMF, faili la kumpelekea fundi sauti zikiwa zimetenganishwa. Haikuweza kutoa picha kwenye monita ya studio. Haikuweza kurekodi kazi kwenye mkanda. Haikuweza kukata kamera nyingi kwa pamoja. Mkiondoa hilo la kamera nyingi, vyote vilivyobaki ni habari za kupokea na kukabidhi. Kwenye kukata kwenyewe ilikuwa na kasi kuliko mtangulizi wake, na hata waliokuwa wakiitukana walikiri.

Septemba mwaka uleule XML ikaongezwa. Januari 2012 zikaja kamera nyingi na njia ya monita. Sura haikubadilika, iliendelea kufanana na iMovie kama mtoto na mama yake. Lakini kelele zilipungua, na programu ile leo inafanya kazi kwenye televisheni bila mtu kuionea haya. Wengi, kwa bahati mbaya, walikuwa wameshahamia Premiere au wamerudi Avid, na hawakugeuka tena.

Kwa hiyo mtu akikwambia programu fulani si ya wataalamu kwa sababu ni rahisi kutumia, mpuuze. Urahisi haujawahi kuwa dhambi. Mwulize swali moja tu: anayenifuata atapokea nini kutoka kwangu?

Nichukue mfano wa sauti, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona vijana wengi wenye vipaji wakikwama.

Wenzetu wa Kenya, vituo vikubwa vinasoma habari za Kiswahili saa moja jioni na za Kiingereza saa tatu usiku. Katikati pana saa mbili tu. Tuseme kuna mafuriko Budalang'i. Mpigapicha amerudi na picha nzuri: maji yameingia ndani, mama amebeba godoro kichwani, mzee anaonyesha alama ya maji ukutani. Mhariri wa Kiswahili anaikata kwenye simu au kwenye iMovie, anaweka sauti ya mwandishi, chini yake mlio wa maji, mahojiano mawili, na pengine kamuziki, ingawa mimi muziki kwenye habari za maafa siupendi kabisa. Anatoa faili. Limetoka zuri, na linakwenda hewani saa moja bila tatizo.

Sasa anakuja mhariri wa saa tatu. Anataka picha zilezile, mahojiano yaleyale, lakini sauti ya mwandishi iwe ya Kiingereza. Amepewa faili lenye chaneli mbili ambamo mwandishi, maji, mzee na muziki vimekorogwa pamoja. Atamtoaje mwandishi wa Kiswahili humo? Hamtoi. Ama atazima sauti yote, tuone maji yanayopita kimya kama samaki kwenye tangi la dukani, ama ataanza upya kutafuta picha ghafi, saa mbili na nusu imeshapita. Na juu ya picha kuna jina la mzee limegandishwa, na chini yake “Mkazi wa Budalang'i”, kwenye taarifa ya Kiingereza. Halifutiki. Ukilifunika kwa bango jingine, unafunika na kidevu cha mzee.

Faili la televisheni kwa kawaida lina chaneli nne, nane au zaidi. Mpangilio unatofautiana kituo kwa kituo, lakini ule wa kawaida ni huu: chaneli ya kwanza na ya pili zina sauti kamili, ya tatu na ya nne zina kila kitu isipokuwa mwandishi. Majina hayagandishwi kwenye picha. Mtu wa grafiki huyaweka wakati wa kurusha. Ndiyo maana picha za shirika la habari la kimataifa zinaweza kusomwa kwa Kiswahili Dar es Salaam, kwa Kifaransa Kinshasa na kwa Kiarabu Muscat usiku mmoja. Programu nyingi za simu zinadhani kazi yako ina mtazamaji mmoja, lugha moja, na siku moja ya kuishi. Kwa mtandao wa kijamii dhana hiyo ni sahihi.

Nimegusa siku za kuishi. Kila tarehe 14 Oktoba vituo vyetu vinakwenda maktaba kutafuta picha za Mwalimu, zikiwemo za msiba wa mwaka 1999. Picha zile zinatumika kwa sababu mtu alizihifadhi zikiwa safi, zina namba ya mkanda na taimkodi, ile saa inayoandikwa kwa kila fremu, kwa hiyo anayetafuta anajua aanzie wapi. Wewe leo umehariri tukio kubwa kwenye simu, mradi uko ndani ya programu, picha ghafi ziko kwenye galari pamoja na picha za chakula, halafu simu imejaa ukafuta. Kilichobaki ni faili moja lenye majina juu yake na muziki ndani yake. Mwaka 2045 mhariri atalipata hilo, na atasema maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele ya mgeni rasmi.

Sasa namba. Naahidi hazitakuwa nyingi.

Televisheni yetu inakwenda kwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde. Tuliirithi kutoka PAL, mfumo wa zamani wa televisheni ya rangi, na umeme wetu wa hezi 50 una mkono wake humo. Simu nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa fremu 30, na programu nyingi nyepesi zinakwenda hivyohivyo. iMovie haikuulizi kabisa; inafuata klipu ya kwanza utakayoiweka kwenye taimlaini. Ukipeleka fremu 30 kwenye kituo cha 25, kila sekunde lazima fremu tano zitupwe au zikorogwe na jirani zake. Mtu akiwa amekaa, hutaona kitu. Kamera ikizunguka uwanja wa mpira, utaona picha inarukaruka kama gari la petroli chafu. Na ukipiga ndani, chini ya taa za umeme wetu, fremu 30 zinaweza kukuletea michirizi inayopanda na kushuka ukutani. Weka 25, weka shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, sekunde 1 kwa 50, michirizi inaondoka.

Kuna jingine baya zaidi, kwa sababu halionekani mapema. Simu nyingi hazipigi fremu 30 kamili. Mwanga ukipungua zinapunguza, ukirudi zinaongeza. Programu ya simu inalielewa hilo na inaficha. Programu ya kituo inategemea mwendo usiobadilika, hivyo mahojiano ya dakika arobaini yanaanza vizuri, na mwishoni mdomo wa mheshimiwa unafunga kabla maneno hayajatoka. Kuna waheshimiwa ambao hilo lingewapendeza wapiga kura, lakini si kazi yetu. Dawa ipo na ni ya bure: pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha mafaili ya video, iambie iweke mwendo wa kudumu, kisha ndiyo uanze kuhariri. Au piga kwa programu ya kamera inayofunga fremu 25 tangu mwanzo, kama Blackmagic Camera, ambayo nayo haiuzwi.

Ukubwa wa sauti. Umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ulitoa kanuni yake ya R128 mwaka 2010: wastani wa kipindi uwe hasi 23 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika. Marekani walikwenda mbali zaidi, wakatunga sheria inayokataza matangazo ya biashara kuwa na kelele kuliko vipindi, ikaanza kutumika Desemba 2012. YouTube inalenga karibu hasi 14. Tofauti ya 9 hiyo si ndogo hata kidogo. Ndiyo inayomfanya baba aruke kutoka kwenye kochi kutafuta rimoti kila likija tangazo lililohaririwa kwa ajili ya mtandao. Programu nyepesi nyingi zina vijiti vya kijani na vyekundu vinavyopanda na kushuka, na vijana wanavitazama wakidhani ndiyo kipimo. Vinaonyesha kilele cha sauti kwa nukta ile. Sikio la mtazamaji linachoka kwa wastani wa nusu saa, na kipimo cha wastani huo iMovie haina.

Kwenye picha, mambo ni yaleyale. Nyeusi na nyeupe za televisheni zina mipaka. Katika hesabu ya biti 8, nyeusi ni 16 na nyeupe ni 235. Simu na kompyuta zinapenda kutumia nafasi yote, 0 hadi 255. Pigeni kanzu nyeupe baada ya swala ya Ijumaa, jua la saa saba, halafu ongezeni “filta” inayofanya rangi ziwake. Kwenye simu inapendeza. Kwenye mashine ya ukaguzi ya kituo kanzu ile imevuka mpaka, faili linarudishwa, na kwenye televisheni ya nyumbani mikunjo yote ya kanzu imepotea, mtu anaonekana amevaa karatasi. Jicho lako halitoshi hapa, hasa usiku ukiwa umechoka. Unahitaji grafu ya mwanga mbele yako.

Na zile templeti za kumetameta zinazokwenda na mdundo, jihadharini. Tarehe 16 Desemba 1997 kipande cha Pokémon kilirushwa Japani kikiwa na mwanga mwekundu na buluu unaobadilishana haraka, na mamia ya watoto wakapelekwa hospitali. Uingereza na Japani zinapima vipindi kwa ajili ya watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Zaidi ya mimeto mitatu kwa sekunde, kazi inarudi. Aliyetengeneza templeti ya kudansia hakuwa akifikiria sebule yenye watoto kumi na taa zimezimwa.

Kuhusu haki, nitapita haraka, ingawa wanasheria wangetaka siku nzima. Wimbo ulioko ndani ya programu kwa kawaida umeruhusiwa kwa matumizi fulani, na kurusha hewani kwenye kituo kinacholipwa kwa matangazo ni matumizi mengine. Soma, au nunua muziki wenye leseni ya utangazaji. La pili, programu zinazohifadhi kazi kwenye seva za mwenye programu: Juni 2025 CapCut ilitoa masharti mapya yaliyojipa ruhusa pana mno juu ya kazi za watumiaji, na watu wengi wa habari wakashtuka. Miezi mitano kabla ya hapo, Januari, ilikuwa imezimika Marekani pamoja na TikTok, kwa sababu sheria iliyoilenga TikTok iliigusa kampuni mama yao, ByteDance. Ilirudi, sawa. Lakini kama una mahojiano ya mtu aliyekuamini kwamba utauficha uso wake, usipandishe picha zake ghafi mahali ambapo mwenye funguo si wewe.

Mtasema nimekuja kuwavunja moyo. Sivyo. Kuna kazi ambazo ningemfokea mhariri anayepoteza muda kuwasha Avid. Ajali imetokea Kibaha, mwandishi yuko pale na simu, taarifa inaanza baada ya dakika ishirini: akate hapohapo, picha nne, bila majina, bila muziki, atume. Kituo cha Léman Bleu cha Geneva kiliwapa waandishi wake simu za iPhone mwaka 2015 kufanyia kazi, na Geneva hawana njaa ya kamera. Vipande vya mitandao vya kituo, vile vya wima vyenye maandishi, CapCut inavifanya vizuri na kwa kasi ambayo Premiere haiifikii. Hata mkato wa kwanza wa makala ndefu, wa kumwonyesha mtayarishaji mpangilio, ufanye popote. Mradi wa iMovie unaweza kuupeleka Final Cut Pro ukaendelea nao kule. Hapo programu nyepesi imekuwa daftari la mazoezi, na ni daftari zuri.

Na tafadhali, hiyo ajali ya Kibaha, usiitume WhatsApp kama video. WhatsApp inaibana mpaka nyuso zinakuwa uji. Itume kama dokumenti. Nikikumbukwa kwa jambo moja tu katika hotuba hii, ningependa liwe hilo, kwa sababu nimeona picha nzuri nyingi zikifa njiani kwa uvivu wa kubonyeza kitufe cha pili.

La mwisho ni fedha, maana najua ndiyo sababu halisi ya wengi kubaki kwenye simu. Miaka ya nyuma sababu hiyo ilikuwa na nguvu. Leo DaVinci Resolve, programu ya kuhariri ya kitaalamu, ina toleo la bure kabisa, linalofikia picha ya UHD kwa fremu 60, lenye chumba cha sauti, chumba cha rangi na vipimo nilivyovitaja. Inatoa XML, EDL na AAF, ndugu wa ile OMF. Toleo la kulipia ni dola 295, mara moja. Kinachogharimu ni kompyuta, na hilo silichukulii kirahisi. Mashine ya kuiendesha vizuri ni mshahara wa miezi kadhaa kwa kijana anayeanza. Lakini hapo tujadili bei ya mashine, tusiseme programu za wataalamu hazishikiki. Watatu mkichanga kununua mashine moja mnaifanyia kazi kwa zamu, asubuhi, mchana na usiku, kama wenzenu wengi wa Kariakoo wanavyofanya.

Kabla hujakubali kazi ya kituo chochote, omba karatasi ya masharti ya kiufundi. Mara nyingi utakuta kitu kama hiki: MXF, ambayo ni aina ya faili, XDCAM HD422 ya megabiti 50, ambayo ni namna ya kuibana picha, 1080i, yaani mistari 1080 inayopishana, kwa fremu 25, chaneli nane za sauti, ukubwa wa sauti hasi 23. Ukiwa nayo mkononi, ubishi wa programu ipi ni ya kitaalamu unakwisha wenyewe. Fungua programu yako, nenda kwenye ukurasa wa kutolea faili, angalia kama unaweza kutimiza kila mstari. Inaweza? Itumie, hata kama ina rangi za peremende na vikaragosi. Haiwezi? Basi kata humo ukipenda, malizia kwingine. Na kama kituo hakina karatasi hiyo, kimbia ukawaandikie, uwaombe waisaini. Utakuwa umejihakikishia kazi.

Baada ya chai kila mmoja atachukua klipu moja ya simu yake, tuipime ina fremu ngapi na kama zinabadilika. Nina hakika nusu ya ukumbi itashangaa. Sasa maswali. Tuanze na dada yule wa nyuma, ameshika mkono juu tangu nilipoitaja WhatsApp.